Kabla Hamjafunga Shanta, Kubalianeni Saa ya Kugeuka

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akiuliza kama ni busara kwenda kupiga kambi milimani na mume wake, kwa kuwa anaamini kwamba siku nne za kuwa wawili tu msituni zitawarudisha karibu. Mimi nami nilikwenda na tumaini hilohilo, na siku ya tatu nikajikuta nimesimama peke yangu kwenye njia panda, ukungu umemeza kila mti uliokuwa mbele ya hatua kumi, ninamwita mume wangu na haitikii.

Siku mbili za kwanza hazina la kusimulia. Asubuhi ya tatu ramani ilionyesha kilomita 10 za njia na mita 900 za kupanda, naye akatangaza kwamba kwa mwendo wetu muda wa saa mbili unatosha. Kanuni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, huhesabu takriban saa moja kwa kila kilomita 5 na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, yaani saa tatu na nusu bila kupumzika, na hapo hujahesabu mizigo wala mizizi yenye utelezi. Hesabu hiyo niliijua, lakini nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuonekana mzito wa miguu. Kunyamaza ni kosa langu na ninalikiri. Kutangulia ni kosa lake.

Pale njia panda nilifungua shanta yangu na kukuta jiko, sufuria na chakula chote. Hema, ramani, filimbi na kibiriti vilikuwa mgongoni mwake. Tulikuwa tumegawana mzigo kwa uzito, tukasahau kwamba watu wawili wanaweza kupoteana, na fulana yangu ya pamba iliyoloa jasho ilianza kunigandisha mara tu nilipoacha kutembea. Aliporudi, baada ya muda nisiopenda kuukumbuka, alisema tu, "Nilidhani uko nyuma yangu." Hadi leo hajaomba radhi.

Usiku ulitukuta bondeni kando ya kijito, mahali pabaya pa kulala, kwa maana hewa baridi ni nzito na hutiririka kushuka bondeni usiku kucha. Pumzi zetu ziligeuka matone kwenye dari ya hema yakawa yanatudondokea usoni. Alitaka kuwasha jiko humo ndani tupate joto, nikakataa katakata, kwa kuwa jiko linalowaka hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Hilo ninajivunia, hata kama alinipa mgongo mpaka alfajiri.

Kwa hiyo, dada yangu, nenda, lakini usidhani mlima utawasemea yale mliyoshindwa kuyasema nyumbani. Kila mmoja abebe filimbi yake, tochi yake, kibiriti chake na nguo kavu. Aliyepotea hupuliza mara 6 kwa dakika, hutulia dakika moja, kisha hurudia. Mwenye mwendo wa polepole ndiye atangulie. Na saa ya kugeuka, yaani saa ya kuanza kurudi hata kama kilele hakijafikiwa, ikubaliwe asubuhi, kabla ya uchovu, kwa sababu mtu aliyechoka hajadili bali hushindana, na wengi wenu mnaniandikia mkitaka kilele kuliko mnavyomtaka mwenzenu.

Mwezi uliopita tulirudi mlimani, mimi mbele, saa ya kugeuka nimeiandika kwa kalamu pembeni mwa ramani. Saa nane kamili kilele kilikuwa bado hakijaonekana, tukageuka. Hakusema neno njia nzima, na tulipofika hemani nilimuuliza kama amekasirika. Akajibu kwamba anatafuta kibiriti chake. Nilikuwa nimekiona tangu asubuhi, kimetuna kwenye mfuko wa shati lake.