Ukope umeshuka, ndani kuna kinyama cha njano: yaliyonikuta

Mkuu, umeandika kwamba ukope wa juu wa mama umeshuka, ndani kuna uvimbe wa njano unaotoka damu, na ameshapewa dawa ya chokea mara tatu. Pole sana. Njia hiyo nimeipita.

Mimi nilidhani ni usingizi tu. Mke wangu ndiye aliyeona kwenye picha ya pasipoti kwamba jicho la kushoto limekuwa dogo. Nikapewa matone, nikaambiwa vikope, baadaye chokea sugu. Daktari wa nne akaupindua ukope kwa kijiti cha pamba: kitu cha njano kinachong'aa, kama mafuta ya kuku wa kienyeji. Kijiti kilipogusa tu, damu. Akasema hiki hakikamuliwi, kinakatwa kipande kipimwe.

Maabara ikajibu "uvimbe wa kawaida". Daktari hakuridhika. Akaomba kipande kilekile kipakwe rangi nyekundu ya Kongo (Kongo ni jina tu; rangi yenyewe ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1885). Kwenye hadubini yenye kichujio maalumu cha mwanga kikang'aa kijani cha tofaa. Amiloidi! Ni protini iliyojikunja vibaya ikarundikana kwenye nyama, hata kwenye kuta za vimishipa vya damu, ndiyo maana vinapasuka ovyo. Yenyewe si saratani, ila pengine limfoma (saratani ya chembe za kinga) huwa pamoja nayo, kwa hiyo nayo hutafutwa.

Kisha nikapimwa mwili mzima: protini za damu na mkojo, figo, moyo, na CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya tundu la jicho. Yangu ilikuwa kwenye jicho tu. Ya mama msikisie. Akiwa na madoa ya zambarau kwenye ngozi ya kope, hasa akishapikicha macho, au miguu imevimba, pumzi inakata, ulimi umenenepa, harakisheni. Hapo huenda ni ya mwili mzima, na dawa zake ni za daktari wa damu, si kisu cha macho.

Mimi walipunguza uvimbe, hawakuumaliza. Kufukuzia kila chembe kungeharibu msuli unaoinua ukope. Baadaye wakauinua ukope. Uvimbe umerudi kidogo, naangaliwa kila miezi sita.

Kama mama ameshakatwa kinyama, ulizieni kile kipande chenyewe maabara, kipakwe rangi hiyo. Changu kilikuwa bado kimehifadhiwa kwenye nta, sikukatwa mara ya pili.