Doronicum imekauka Julai? Usiing'oe

Pole dada, ila ua lako halijafa. Umesema doronicum (ua la njano linalochanua baada ya baridi) uliyopanda chini ya mtufaha huko Uingereza ilichanua vizuri Aprili, na sasa Julai majani yamekauka yote. Ndiyo tabia yake: joto likizidi hujificha ardhini, kisha huchipua tena. Kivuli cha nusu siku kinaifaa. Kinachoiumiza ni ukavu, na mizizi ya mti hunyonya maji mengi, kwa hiyo weka mboji na matandazo, umwagilie hata kama huoni kitu juu. Mimi nimepanda hosta, mmea wa majani mapana, pembeni ifunike pengo. Baada ya miaka 2 au 3, doronicum ikisongamana, igawe mwezi wa Oktoba. Yale maua ya njano baada ya baridi nayapenda mno!