Muuza kahawa hapiti mtaa mtupu

Maswali ya wasomaji kuhusu biashara ndogo, na majibu ya Bibi wa Darajani

SWALI: Shikamoo Bibi. Sisi ni kikundi cha wanawake wa Jambiani. Tunalima mwani, na mwaka juzi tulifundishwa kutengeneza sabuni. Mwalimu alituambia biashara siku hizi ni mtandaoni, kwa hiyo binti mmoja wa kikundi hupiga picha na kuziweka kila asubuhi. Watu wanatupenda, wanaandika “mashallah, hongereni mama zetu”, lakini sabuni zimejaa kabatini. Watalii hununua moja moja msimu wao. Masika yakiingia, hoteli nyingi hufungwa na sisi tunakaa. Mama yangu, ambaye ndiye mkubwa wa kikundi, anasema tuache kujihangaisha, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema bila ya kujitangaza tutakufa njaa. Nani ana haki?
(Mkulima wa mwani, Jambiani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama nisalimie sana. Ana haki kwa jambo moja: sabuni mbaya haiponi kwa tangazo lolote. Lakini siku akija mjini, umpitishe Sokomuhogo baada ya sala ya alasiri, amtazame muuza kahawa. Kahawa yake nzuri na kila mtu anaijua, lakini bado anatembea nayo, dele mkono mmoja, mkono wa pili anagonganisha vikombe. Sijasikia mtu akisema kahawa ya fulani mbaya kwa kuwa anaitembeza.

Na wewe mtazame, tena kwa makini zaidi. Muuza kahawa hapiti mtaa mtupu. Anakwenda barazani, ambako wazee wamekwisha kaa, dhumna imekwisha mwagwa na maneno ya mpira yamekwisha kolea. Wale watu hakuwaita yeye. Kikao kilikuwapo, yeye amekiletea kitu kilichokuwa kinakosekana.

Sasa niambie, kwenye ukurasa wenu kumekaa nani? Nina hakika ni wenzake binti yenu wa skuli, jamaa walioko Muscat na Dubai, na vikundi vyengine vya sabuni kutoka Paje na Bwejuu vinavyotazama nyinyi mnafanya nini. Hao ni watu wema na dua zao mzipokee. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja pale kwa sababu ameishiwa sabuni.

Wapi wanawake wa Zanzibar wanakaa wakazungumza habari ya ngozi? Kwenye arusi. Biarusi anafungiwa ndani, anasuguliwa singo, anapakwa liwa, asumini zinatungwa, udi unafukizwa. Na hapo pana mtu mmoja ambaye akisema kitu hakuna anayembishia: somo wake, yaani mwanamke mzima anayemfunda. Somo akimwambia mwari “sabuni yako ni hii, usiguse nyengine mpaka siku ya arusi”, basi mwari, mama yake, dada zake na mashoga zake wote wamesikia. Tangazo gani la mtandaoni lina nguvu hiyo?

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kuwajua masomo wa Jambiani, Makunduchi, Paje, Bwejuu, mpaka Ng'ambo mjini. Nendeni kwao kwa adabu, mkae, mzungumze. Mwachieni kila mmoja sabuni mbili za kutumia yeye mwenyewe, bila ya kumwomba ahadi. Rudini baada ya wiki chache mumuulize: imekukausha? harufu inakaa? povu linatosha kwa maji ya kisima chenu? Majibu yake myaandike. Akiwaambia harufu ya karafuu ni kali mno kwa mwari, punguzeni karafuu, tieni mrashi au ilangilangi.

Na msisahau anayelipa. Somo ndiye anayesema na mwari ndiye anayetumia, lakini begi la biarusi linanunuliwa na upande wa bwana arusi. Shangazi zake ndio wanaozunguka Darajani na orodha mkononi: doti za kanga, manukato, mafuta, viatu, sabuni. Sabuni wanazochukua madukani nyingi zimetoka nje. Tengenezeni kasha la sabuni tatu, lifungwe kwa namna ambayo mtu hatoona haya kulitia ndani ya begi, muwapelekee wauzaji wa vifaa vya arusi. Mmoja mmoja, msiende kwa wote siku moja. Muone kwanza la kwanza limekwenda vipi.

Hapa hesabu ya siku inataka umakini. Nyinyi mnajua kuwa sabuni isiyopikwa kwa moto inahitaji wiki 4 hadi 6 kukauka kabla ya kutumika. Na kila mtu hapa anajua arusi hazifanywi Ramadhani. Zinabanana kabla yake, halafu Mfunguo Mosi zinafunguka tena. Basi hesabuni kurudi nyuma. Sabuni ya arusi za baada ya Idi itengenezwe kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, ili Ramadhani ikiisha iwe imeshakauka na imeshafungwa. Mkianza kuitengeneza siku mnapoona kadi za arusi zinagawiwa, mmechelewa.

Watalii nao msiwaache. Ila nimewahi kupita huko kwenu nikaona sabuni zimepangwa mezani kama vitabu, na karatasi ya bei mbele yake. Muuza halua hafanyi hivyo. Ukisimama mbele ya sinia lake, kabla hujasema neno ameshakata kipande amekutia mkononi. Sabuni haionjwi kwa ulimi, inaonjwa kwa maji. Wekeni karai, kata na taulo safi. Mgeni ametoka ufukweni, mikono ina mafuta ya jua na mchanga, mwambieni karibu unawe. Anayenawa anasimama, na anayesimama anauliza.

Akiuliza, mwonyesheni mwani wenyewe. Wekeni kamba moja mbichi kando, mumwelezee vigingi, tai-tai (vile vikamba vya kufungia mwani), na kwa nini mnakwenda shambani wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana na si wakati wa maji mafu. Mwambieni kilimo hiki cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na waliokibeba ni wanawake. Mwambieni ukweli pia kwamba ule mwani wenye bei nzuri zaidi, cottonii, unawafia kwa sababu maji ya bahari yamezidi joto, na ndiyo maana mkaingia kwenye sabuni badala ya kungoja bei ya kilo. Hadithi hii hakuna duka la hoteli linaloweza kuisimulia, kwa sababu halijawahi kuingia majini.

Jambo moja nawakataza, na nalisema kwa ukali kwa kuwa nawapenda: msiandike kwamba sabuni inatibu. Nimeona makasha yanayoahidi kuondoa pumu ya ngozi, mabaka, na maradhi mengine ambayo hata daktari anayaendea taratibu. Mama mwenye mtoto mgonjwa atawaamini. Andikeni inasafisha na inanukia, inatosha.

Picha mtandaoni endeleeni nazo, lakini mpeni binti yenu kazi nyengine: awe na namba za shangazi na masomo walionunua, awaulize hali, na akiweka picha aweke kasha lililofungwa, bei yake, na mahali linapopatikana mjini. Mtu asilazimike kuuliza “bei gani?” halafu akajibiwa “njoo inbox”. Wengi huishia hapo.

SWALI: Assalamu alaykum Bibi. Nina duka la vyakula nje kidogo ya Chake Chake, njia ya Wawi. Miezi michache iliyopita jirani amefungua duka kama langu, bidhaa zile zile, na sukari na mchele anauza chini ya bei yangu. Wateja wanahama. Msimu wa karafuu unakaribia na naogopa atauchukua wote. Nishushe bei?
(Mwenye duka, Chake Chake)

JIBU: Waalaykumu ssalaam baba. Usishushe. Sukari yako na yake inatoka kwa muuzaji wa jumla yule yule, na anayeuza bila ya faida ama ana mtaji wa kuteketeza ama hajui hesabu. Ukimfuata utaufunga mlango wako kabla ya wake.

Badala yake kaa ufikirie karafuu, kwa sababu wewe ni Mpemba na unaijua kuliko mimi niliyeondoka Wete nikiwa msichana. Msimu ukiingia si kila mtu anapata pesa kwa namna moja. Mchumaji analipwa kwa pishi alizochuma, jioni ile ile, pesa ndogo ndogo za mkononi. Mwenye shamba anangoja: karafuu zichambuliwe, zianikwe juani siku kadhaa, zipelekwe kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zipimwe na kupangwa madaraja, ndipo alipwe kwa mkupuo. Hao ni wateja wawili mbali mbali, na saa zao pia ni mbali mbali.

Mchumaji anatoka nyumbani alfajiri kwenda kupanda mkarafuu. Duka la jirani yako linafunguliwa saa ngapi? Kama ni saa 2, wewe fungua saa 11 alfajiri, uwe na boflo, maandazi ya moto, sukari ya robo, majani ya chai ya kufunga kidogo kidogo. Hatouliza bei ya kilo ya sukari, kwani hanunui kilo. Jioni anarudi na pesa, na nyumba nzima inakaa kuchambua karafuu kuzitoa makonyo, mpaka usiku wa manane. Wanataka betri za tochi, biskuti za kuwatuliza watoto, tende, kahawa. Jirani yako ameshafunga anakula chakula chake. Wewe acha taa inawaka.

Mwenye shamba ni mambo mengine. Huyo akilipwa anafikiria mabati, saruji, sare za skuli, labda doti za kanga kwa mke na mama yake. Huna haja ya kuyauza yote hayo dukani kwako, lakini unaweza kuzungumza na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ukapokea oda za watu wa mtaa wako na kupata chako kidogo. Makonyo nayo yananunuliwa kwa ajili ya kukamua mafuta pale Wawi, kwa hiyo usidharau nyumba isiyokuwa na mikarafuu mingi. Na wao watapita mbele ya duka lako na magunia.

Karafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka ukiwa mdogo usijaze ghala kama mwaka uliopita.

Kuhusu deni, najua unakopesha, kwani hakuna duka la mtaani Pemba lisilokopesha. Daftari lako liwe wazi. Kila ukiandika, msomee mteja: “leo mchele kilo mbili, jumla yako imefika hapa.” Ugomvi mwingi wa mwisho wa msimu unatokana na mtu kushtushwa na jumla ambayo hakuisikia inavyokua. Anayeshtuka hulipa, halafu huhamia kwa jirani.

Na nenda siku moja kwenye mnada wa samaki uone wanawake wa majumbani wananunua kwa nani baada ya dalali kumaliza. Si kwa mwenye bei ya chini. Wananunua kwa yule aliyewahi kuwaambia “changu hawa ni wa jana, leo chukua dagaa.” Wewe nawe mchele ukiwa na mawe, useme una mawe, na uuze chini ya ule safi.

SWALI: Bibi, natengeneza pilipili ya chupa na achari ya embe nyumbani Mwanakwerekwe. Duka moja kubwa limekataa kuipokea, wakasema lebo yangu haifai. Niifanye kwa Kiingereza ionekane ya kisasa?
(Mpika achari, Unguja)

JIBU: Sidhani walikuwa wanazungumzia lugha. Mwenye duka anaogopa kukaguliwa akutwe na chakula kisichojulikana kilikotoka. Sajili jina la biashara BPRA, wakala wa usajili wa biashara, nenda ZFDA, wakala wa chakula na dawa, kwa habari ya usalama wa chakula na ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, kwa viwango, na uwaulize kwanza masharti ya jiko lako kabla hujachapisha lebo hata moja, maana wakikwambia ubadilishe kitu utakuwa umepoteza pesa ya uchapaji. Lebo iwe na jina, vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho ya kutumika na namba ya simu inayopokewa.

Lugha weka Kiswahili kwa herufi kubwa. Tazama mwanamke anavyonunua kanga: anaikunjua, anaangalia pindo na mji, halafu anasoma jina, na jina lisipompendeza anairudisha hata kama rangi imemchukua. Wanunuzi wako wa kila wiki ni hao. Kiingereza kiandike chini, kidogo, kwa wageni.

Na chupa ziwe mpya. Chupa za maji zilizookotwa, hata ukizichemsha namna gani, usizitumie. Plastiki yake inajikunja kwa moto, na pilipili yenye siki inataka chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana.