Mawingu yashinda jua? Msomaji wa Shela auliza

SWALI: Assalaam aleikum. Mie niko Shela, nina paneli ya wati 200 juu ya paa. Juzi hata wingu la dawa hakuna, saa sita mchana kontrola ya chaji ya betri yaniandikia wati 165. Jana mawingu yapita yapita, mara ikaruka 212! Fundi aniambia kontrola mbovu ninunue nyingine. Kweli?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, pesa yako ikae mfukoni kwanza. Wingu jeupe likiwa kando ya jua bila kuliziba, ukingo wake unarusha mwanga wake juu ya ule wa jua lenyewe, kwa hiyo dakika moja mbili unapata zaidi ya siku ya mbingu safi. Halafu paneli ya jana ilikuwa imetoka kivulini imepoa, ya juzi ilikuwa imechemka, na kila digrii ya joto juu ya 25 inakula kama asilimia 0.4, sasa ikifika 60 hapo ushapoteza asilimia 14, bado hujahesabu chumvi ya bahari (ile paneli waifuta lini?). 165 sioni ubaya wake.

Ila siku safi usiipime kwa macho, manake kuna utando mwembamba wa juu kabisa hauuoni. Kuna hesabu ya Haurwitz, mtaalamu wa hali ya hewa, ya 1945, ya kukisia mwanga wa mbingu safi, inataka kujua jua liko wapi tu. Hapo Lamu katikati ya Machi, jua likiwa utosini, inakupa kama wati 1,040 kwa mita mraba iliyolala sawa, na likiwa digrii 30 tu juu ya upeo, kama saa mbili unusu asubuhi, ni 490 hivi. Vumbi na unyevu haivijui, hiyo ndo kasoro yake.

Reno na Hansen wa Marekani, 2016, wao wanachukua vipimo vya mwanga vya kila dakika, vipande vya dakika kumi kumi, wanalinganisha na mstari wa hesabu ya mbingu safi: wastani, kilele, urefu wa mstari, na jinsi unavyopanda na kushuka. Vyote vikubali, kimoja kikigoma hapo si safi. Mstari laini peke yake hautoshi, ule utando unaweza kuushusha wote bila kuutikisa.

Nawe jaribu, andika wati kila dakika kumi asubuhi mpaka jioni. Lakini betri iwe na njaa, manake ikijaa kontrola yapunguza yenyewe, utaona mstari umelala saa saba uanze kumsingizia wingu.