Re: Wanachuo wanachangia damu mara moja tu, tufanyeje?
Mkuu, umeuliza kwa nini wanachuo wenu walichangia damu mara moja kisha wakapotea. Kwa niliyoyaona chuoni kwetu, wengi hawakukataa, hawakukumbushwa tu. Mwanaume anarudi baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, na hapo unakuta ni likizo au mitihani. Chukueni namba zao siku hiyohiyo, halafu CR wao (kiongozi wa darasa) awatumie ujumbe muda ukifika. Na uji na maandazi viwepo kabla ya sindano! Kwetu binti mmoja alikuja bila kula, akaanguka mbele ya foleni, nusu ya watu wakaondoka. Wengine wanaogopa kupimwa VVU na homa ya ini. Waambieni mapema majibu ni siri yao.