Shangazi Anajibu: Wateja wananipita

Shangazi, nina miaka 51, nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Hedhi imekatika. Usiku joto lanipanda hadi shuka linalowa. Mchana wateja wanamsemesha binti yangu, mimi wananipita. Sijitambui tena.
Mama Mitumba

Mwanangu, hujarogwa. Kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hupungua, ndipo joto na kukosa usingizi huja. Mwone daktari, tiba ipo. Na ukipita mwaka bila hedhi kisha damu itoke, nenda upesi.

Hilo la kupitwa limeniuma zaidi. Nani alimfundisha binti kuchagua robota zuri? Keti mbele ya kibanda wewe, yeye apange nguo nyuma. Chamani pia, lizungumzeni hili joto waziwazi. Wenzako wengi wanalijua.