Usimtumie wakala hiyo hela

Mdogo wangu wa Chumbageni, kama hujatuma hiyo hela, usitume. Kama umeshatuma, acha kusoma, mpigie wakala sasa hivi, halafu urudi.

Umeuliza mambo matatu. Kundi lenu la Ijumaa liangalie muvi za nje zenye maandishi ya chini au zile zilizotafsiriwa kwa sauti; projekta gani itawafaa; na kama seti ya lile gemu la mezani la kusimulia na kuigiza visa, Dungeons & Dragons anayokuagizia wakala wa Dar, vitabu vitatu, dadu na visanamu, inatosha kuanzia gemu. Wadau hapo juu wamekujibu kwa upole, mwingine kakupongeza kwa kuthubutu. Mimi siwezi. Seti hiyo hiyo niliiagiza, nikiwa hapa hapa Tanga, kwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe: "Bila vitabu vyote vitatu huwezi kucheza." Nilipoyaona kwenye swali lako moyo ulinipiga paa.

Ni uongo. Na anayeyasema anajua ni uongo.

Sisi tulianza kama nyinyi. Baraza letu la Ngamiani lilikuwa la tamthilia za Kikorea na muvi za Kihindi, na wengine tumekulia kwenye vibanda vya video tukimsikiliza Lufufu akiwasemea waigizaji wa nje kwa Kiswahili. Siku moja mwenzetu akaona kwenye tamthilia ya Kimarekani watoto wamezunguka meza wanarusha dadu na kupiga kelele, akataka kujua ule ni mchezo gani. Nikaingia mtandaoni kutafuta. Nikamkuta bwana mmoja wa video, Kiswahili kimenyooka, anafunua kurasa polepole, anamimina dadu za rangi kiganjani, anasema mtu makini anaanza na seti kamili, na namba ya wakala hii hapa chini. Hakusema kwamba kila anayepiga namba ile, yeye anakatiwa chake. Hilo nililisikia mzigo ukiwa umeshafika, kwa mdomo wa wakala mwenyewe, aliyedhani nalijua.

Hapo ndipo ninapochemka mpaka leo. Bwana yule gemu analijua vizuri. Anajua kwamba watu wanahitaji karatasi, kalamu, kitu cha kutoa namba na mtu mmoja wa kusimulia. Angeyasema hayo kwa dakika mbili, vijana wa mji huu wasio na kitu mfukoni wangekuwa wanacheza leo. Akachagua kamisheni.

Sasa sikiliza mzigo unavyokula hela. Kila kitabu kina kurasa zaidi ya 300, karatasi nzito ya kung'aa, na mzigo wa ndege unapimwa kwa kilo. Ukimaliza hapo kuna kodi. Kisha "gharama za ghala" ambazo hazikutajwa mwanzo. Kisha basi mpaka stendi ya Kange. Nilipojumlisha, hela ile ingenunua cherehani mpya, na fundi wetu wa nguo aliniambia hivyo hivyo usoni, bila kucheka.

Lakini hela si kitu kilichoniuma zaidi. Kilichoniuma ni usiku ule wa kwanza. Tulikaa baada ya Isha, kahawa ipo, kashata zipo, vitabu vimepangwa katikati ya mkeka, visanamu vya mazimwi vimesimama kwenye trei ya chai. Walikuwepo fundi nguo, dada mmoja muuza vitumbua, kijana wa bodaboda na mwalimu wa hesabu. Nikafungua kitabu cha wachezaji. Kimeandikwa Kiingereza chote, herufi ndogo, safu mbili kila ukurasa. Ikabidi nisome sentensi, nitafsiri, nieleze, nirudie. Nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, mvuto: mambo sita tu ya mhusika unayemwigiza, na kila moja lina jedwali lake, na kila jedwali linakutuma ukurasa mwingine. Fundi akashika kitabu, akatazama picha ya mtu mwenye masikio marefu, akauliza, "Sasa mimi hapa nafanya nini?" Nikamjibu bado hatujafika huko. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa anafurahia, kwa sababu ya majedwali. Dada akaaga mapema, ana mchele wa kuloweka. Kahawa ikapoa. Mpaka tunaondoka hakuna aliyekuwa amecheza chochote. Tulikuwa tumejaza fomu.

Ijumaa iliyofuata dada hakuja. Bodaboda akasema kapata abiria wa Pongwe. Na kwa kuwa ni watu wale wale wa muvi, muvi nazo zikafa. Hili bwana wa video hakulitaja popote. Vitabu unaweza kuviuza, ingawa kwa hasara. Watu wanaokubali kuacha shughuli zao Ijumaa jioni wakae na wewe, ukiwachosha mara moja, unawaomba miezi.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na nitairudia hata ukinichoka: usinunue chochote mpaka kundi lako limekaa, limecheza kwa Kiswahili kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, na likauliza lenyewe, "Lini tena?" Swali hilo litoke kwao, si kwako. Lisipotoka, hata ulete boksi la dhahabu.

Na usidhani nakupa njia ya kimaskini. Gary Gygax na Dave Arneson walipolitoa gemu hili Marekani mwaka 1974, ndani ya boksi mlikuwa na vijitabu vitatu vidogo vyembamba. Watu walicheza kwa hivyo, mengine wakayajaza wenyewe. Na kanuni unazouziwa kwa bei ya cherehani, za msingi ziko bure. Januari 2023 wenye gemu, Wizards of the Coast, waliiweka hati ya kanuni inayoitwa SRD 5.1 chini ya leseni ya Creative Commons. Unaipakua, unaichapisha, unaitafsiri kwa Kiswahili na kuwagawia wenzio, sharti utaje ilikotoka. Ni halali kabisa. Tena usiisome yote. Soma namna ya kushindana na ugumu wa jambo, basi: msimuliaji anaeleza mlipo, mchezaji anasema anafanya nini, na kama jambo linaweza kushindikana anatoa namba kati ya 1 na 20, anaongeza uwezo wa mhusika wake, mnalinganisha na namba ya ugumu wa jambo. Jambo jepesi ni 10, la wastani 15, gumu 20. Vita, uchawi, mazimwi, vyote vimejengwa juu ya hapo.

Dadu ya pande 20 huna? Chukua vizibo 20 vya soda. Vioshe, vikauke, andika 1 mpaka 20 kwa kalamu ya wino mzito, upande wa ndani ambako haufutiki upesi. Tia kwenye mfuko wa kitambaa. Mchezaji anachota bila kuchungulia, anasoma, anakirudisha, mnatikisa. Kukirudisha ni lazima. Mkikiacha nje, namba zilizobaki zinapata nafasi kubwa kuliko inayostahili, na mwenye macho ataanza kuhesabu kama yuko kwenye karata. Mkirudisha, kila namba ina nafasi moja kati ya 20, sawasawa na dadu yenyewe. Usimsikilize anayekuambia utumie dadu mbili za ludo. Kwa dadu mbili, 7 inatoka kwa njia 6 kati ya 36, 12 inatoka kwa njia moja tu, na 1 haitoki kabisa. Huo ni mchezo mwingine.

Visanamu? Kete za bao. Kete nyinyi, komeo la mlango adui. Imetosha.

Nilipowarudisha wale wachache waliokubali, vitabu niliviacha ndani. Nikaanza kama bibi alivyokuwa anaanza, "Hadithi hadithi," wakaitikia bila kufundishwa. Nikawaweka mlangoni mwa mapango ya Amboni usiku, chemli moja, mafuta nusu. Kila mtu wa hapa anayajua Amboni, hakuna wa kuuliza zimwi la Ulaya linafananaje. Fundi akasema anaingia wa kwanza, ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto ili asipotee kurudi. Dada wa vitumbua akasema, "Mimi nanusa." Hakuna jedwali lililomwambia mhusika anaweza kunusa, kaamua mwenyewe. Nikamwambia achote. 17. Busara yake ina nyongeza ya 2, ikawa 19. Nikamwambia: unasikia harufu ya tumbaku, mbichi, mtu kaivuta sasa hivi. Fundi akasimama wima kwenye mkeka na kuanza kunong'ona, na sisi wote tukanong'ona, nyumbani kwangu, taa zinawaka! Tukazidi kuingia ndani ya pango mpaka jirani akagonga ukuta. Wanatoka, fundi amevaa kiatu kimoja, dada anauliza, "Lini tena?" Bodaboda hakurudi. Huyo nimempoteza kwa sababu ya majedwali, na simsamehei bwana wa video.

Visa usiogope, Tanga imejaa. Wazee wanasimulia habari za Osale Otango aliyejificha kwenye mapango yale zama za mkoloni. Hicho peke yake kitawalisha wiki kadhaa. Kuna majahazi ya Pemba, mashamba ya mkonge, mto Pangani usiku.

Muvi zako za nje, za maandishi au za sauti, ndipo zinapoingia. Ziangalieni, halafu zimeni katikati. Nasema kweli. Kama ni ile muvi ya zamani ya Kijapani ambayo wakulima maskini wanatafuta wapiganaji wa kuwalindia kijiji, simamisha pale majambazi wanapokaribia, geuka umuulize aliye kulia kwako: "Wewe ungefanya nini?" Akijibu, mpe mfuko wa vizibo. Ameshaanza kucheza na hajajua. Yule asiyejua Kiingereza na yule anayesoma riwaya za Kiingereza wanakuwa sawa hapo, kwa sababu wote wameona kijiji kile kile.

Projekta nayo iache. Televisheni ya mtu yeyote mwenye sebule itawatosha mpaka wawe wengi wasioenea.

Sasa wakala. Kama bado hajalipia huko nje, hana sababu ya kukukata. Akikuambia malipo ya awali hayarudi, mwombe risiti ya ununuzi yenye jina la duka na tarehe, na uiombe kwa maandishi, si kwa simu. Akiileta na tarehe ni ya kabla hujaghairi, angalau muombe akuletee dadu peke yake, ni nyepesi. Akishindwa kuileta, mwambie utamuuliza tena kesho, na kesho umuulize.

Akikujibu, andika hapa chini. Na uniambie mko wangapi, na nani kati yenu ana mdomo wa kusimulia, maana huyo ndiye wa kumkabidhi kisa. Jumamosi nipo nyumbani, nitawaandikia cha kuanzia cha ukurasa mmoja, cha Amboni hiyo hiyo au cha jahazi, mtakavyochagua.